Difu ipi kwa Land Cruiser lililovalishwa tairi kubwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha na gari ni langu mwenyewe: Land Cruiser 79 la mwaka 2008, injini 1HZ isiyo na tabo (kifaa cha kuijazia injini hewa), gia tano, limefungwa bodi ya safari yenye viti saba. Miezi minne iliyopita nilitoa tairi za 7.50R16 nikafunga 315/75R16. Kwenye matope gari limekuwa zuri, lakini lami imenishinda. Gia ya tano haivuti kabisa, nikiwa na wageni mlima wa Mto wa Mbu naupanda kwa gia ya pili, na mafuta yameongezeka: zamani lita moja ilinipeleka kilomita 7, sasa ni 6. Fundi mmoja anasema nifunge tabo. Mwingine anasema nibadilishe difu niweke 4.56. Wa tatu anasema 4.88. Fedha niliyo nayo inatosha kitu kimoja tu. Nifanye kipi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua unalisubiri. Tabo iache kwanza, badilisha difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, na kwa kazi unayoifanya chukua 4.88. Namba hiyo ni mara ngapi propela, lile shafti linalopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka ili tairi izunguke mara moja; ikiwa kubwa, gari linavuta zaidi na injini inazunguka zaidi. Huyo aliyekutajia 4.56 hesabu yake ni sahihi, ila alilihesabia gari lisilofanya kazi yako. Ngoja nikupitishe humo taratibu, kwa sababu fedha ni za jasho lako na difu haifunguliwi mara mbili kwa kujaribu.

Tairi ndiyo gia ya mwisho ya gari. Baada ya giaboksi, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu kumaliza kazi yao, ni kimo cha tairi kinachoamua gari lisogee kiasi gani kwa kila mzunguko. Ile 7.50R16 uliyotoa ina kimo cha milimita 806 hivi. Hiyo 315/75R16 unaweza kuipima kwa kalamu: rimu ya inchi 16 ni milimita 406, ukuta wa tairi ni asilimia 75 ya 315, yaani 236, na kuta ziko mbili, juu na chini. Jumla ni karibu 879. Umeongeza asilimia 9. Zamani gurudumu likizunguka mara moja ulisogea mita 2.53, leo unasogea 2.76, na mzigo wa hiyo ziada unabebwa na injini ileile. Ni sawasawa na mtu aliyekuja usiku akakutolea difu ya 4.11 iliyotoka na gari kiwandani, akakuwekea ya 3.77. Difu ya namna hiyo hakuna mtu angeifunga kwenye gari la kubeba wageni saba, lakini wewe umeifunga kwa kupitia tairi.

Sasa tuitazame injini, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokosea. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Nguvu yake kubwa ya kuvuta, nyutoni-mita 285, inapatikana kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Shika namba hiyo. Chini ya hapo, hasa chini ya 1,800, injini ukiwa na mzigo inaanza kunguruma kwa uzito bila kusukuma, na kila mteremko ukigeuka kuwa mlima mdogo mkono unakwenda wenyewe kwenye gia ya nne. Nikikokotoa gia ya tano kwa 0.85, na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari lako la zamani lilikuwa kwenye mizunguko 1,840. Leo kwa mwendo uleule uko kwenye 1,690. Huo ni upungufu wa mizunguko 150, nao umeangukia mahali pabaya, pale ambapo injini ilikuwa inajikaza tayari.

Juu ya hayo kuna mahali unapofanyia kazi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi. Kule juu hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takribani moja ya tano, na injini isiyo na tabo inakula hewa inayoikuta, haina namna nyingine. Zile 285 zilizoandikwa kitabuni ni za chini. Wewe unapanda mlima ukiwa na pungufu yake.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa gereji kwangu: usichague difu kwa kutazama tairi peke yake. Jiulize gari linashinda kwenye spidi gani siku nzima, na kwenye spidi hiyo injini itakuwa wapi.

Tuirudie 4.56 kwa jicho hilo. Ukizidisha 4.11 kwa asilimia 9 iliyoongezeka unapata 4.48. Difu ya karibu zaidi inayouzwa ni 4.56, na ukiifunga gari linarudi karibu kabisa na lilivyotoka kiwandani: kilomita 80, mizunguko 1,870. Mwenye pikapu tupu anayekwenda Dar mara mbili kwa mwezi na kupenda kutembea 110 ningemfungia hiyohiyo bila kusita, maana kwa 4.88 kwenye 110 injini yake ingekuwa kwenye 2,750, kelele tupu kwa saa kumi.

Lakini gari lako halifanani tena na lile la kiwandani. Kiwandani lilitoka pikapu yenye tairi nyembamba. Leo lina bodi ya chuma, viti saba, paa la kunyanyuka linalokinga upepo kama ubao, friji, mabegi, maji, tairi za akiba, na kila tairi mpya ni nzito kuliko ya zamani. Uzito wa tairi hauko kama uzito wa begi. Begi linasukumwa mbele tu, tairi inabidi isukumwe mbele na pia izungushwe, kwa hiyo kila unapoondoka kwenye kituo injini inaulipia mara mbili. Kurudisha hali ya kiwandani hakutoshi. Inabidi uvuke kidogo. Kwa 4.88, kilomita 80 inakuwa mizunguko 2,000, na 90 inakuwa 2,250. Tairi yenye mzigo hulala kidogo, kwa hiyo barabarani utaona asilimia mbili au tatu zaidi ya hapo. Umeona namba ilipoangukia? Spidi yako ya kawaida ya Makuyuni hadi Karatu inakaa juu ya kile kilele cha 2,200. Huko ndiko injini yako inakotaka kuishi, na gia ya tano itarudi kuwa gia ya kutumia.

Mlima wa Mto wa Mbu nao utabadilika. Kila gia yako, kuanzia ya kwanza hadi ya rivasi, itaongezewa nguvu kwa asilimia 18 na ushee kulinganisha na leo. Sikuahidi kwamba utaupanda kwa gia ya nne. Gia ya tatu ndiyo ninayoitarajia, na isiyokufa katikati ya kona. Na siku ukishuka kreta kwa njia ya Seneto, injini itakushikia gari vizuri zaidi na mguu utapumzika kwenye breki. Hilo kwangu ni kubwa kuliko yote ya lami, kwa sababu abiria wako wanakuamini kwenye mteremko ule.

Mbona basi tusiende mbele zaidi, 5.29? Kuna sababu ya chuma. Hesabu meno: krauni na pinioni, yaani gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu, za 4.11 ni meno 37 kwa 9. Ya 4.56 ni 41 kwa 9. Ya 4.88 ni 39 kwa 8. Ya 5.29 ni 37 kwa 7. Krauni haiwezi kukua, nyumba yake ni ileile, kwa hiyo kinachopungua ni pinioni. Juzi niliweka pinioni mbili mezani, ya 4.11 na ya 4.88, upande kwa upande. Ukizishika gizani utazitofautisha kwa kidole: ya pili kichwa chake ni chembamba, kinaingia kiganjani na kubakiza nafasi. Kwenye difu ya nyuma ya gari lako, ambayo ni kubwa, simuogopi huyo mwembamba. Ya mbele ndiyo ya kuangalia. Land Cruiser 79 za kuanzia 1999, zenye koili springi mbele, zina difu ndogo mbele kuliko nyuma. Kwa 4.88 inavumilia ikifungwa vizuri na dereva akiwa na adabu ya mguu. Kwa 5.29 na tairi nzito, ukirudi nyuma kwa nguvu kutoka kwenye korongo huku foo wili imeingia, unaomba meno yakatike.

Kuhusu kubadilisha zote mbili sitaki kuacha mlango wazi hata kidogo. Kuna watu watakwambia badilisha ya nyuma tu upunguze gharama, kwa kuwa foo wili hutumii kila siku. Niliwahi kuletewa gari lililobebwa juu ya lori kutoka njia ya Ziwa Natron, transfa imepasuka, propela ya mbele imejikunja kama muwa. Nyuma lilikuwa na 4.88, mbele 4.11, na aliyelifunga hakumwambia mwenye gari. Fikiria kinachotokea: foo wili ikiingia, propela mbili zinazunguka pamoja. Tairi za nyuma zikitaka kwenda mita 100, za mbele zinataka kwenda karibu 119. Kwenye matope laini tairi zinateleza na mkazo unaachia. Ukifika penye mwamba au ardhi ngumu hakuna cha kuteleza, mkazo unajikusanya ndani ya transfa mpaka kitu kivunjike. Fedha ikitosha difu moja tu, subiri. Endelea kutumia gia ya nne miezi mitatu mingine, ni salama kuliko hivyo.

Sasa hilo la mafuta. Sehemu ya hasara unayoiona haipo. Spidomita yako inahesabu mizunguko inayotoka kwenye transfa na haijui kwamba ulibadilisha tairi. Ukienda kilomita 109 za kweli, yenyewe inaandika 100. Hizo kilomita 6 kwa lita kwa kweli ni 6.5. Nusu ya hasara ni ya hesabu, nusu ndiyo ya injini inayojikaza. Usiende kumwambia mke wako kwamba difu itakurudishia 7 kamili. Tairi pana na nzito zinakula mafuta hata gia zikiwa sawa.

Spidomita hiyohiyo inakutia hatarini leo. Mshale ukisoma 50, unakwenda zaidi ya 54. Ukisoma 80, uko kwenye 87. Hifadhini mwisho ni 50, vijijini mwisho ni 50, na askari mwenye tochi hasomi mshale wako. Tangu kesho tembea kwa kupunguza. Ukishafunga 4.88 mambo yanageuka: ukiwa kwenye 80 ya kweli mshale utaonyesha 87. Faini utakuwa mbali nayo, lakini kilomita zitaandikwa nyingi kuliko ulizokwenda. Zile 5,000 za kumwaga oili zitakuwa kama 4,600. Kwa gari la biashara hilo si baya. Hapa nikiri kwamba 4.56 inashinda, kwa kuwa ingekurudishia spidomita karibu sahihi kabisa. Pima mara moja kwa simu yenye ramani, uandike tofauti kwenye kikaratasi ubandike karibu na usukani, ili hata dereva wa kukusaidia aijue.

Tabo siikatai daima. Kule juu penye hewa nyepesi tabo ni msaada wa kweli, na wako wanaoifurahia. Ila 1HZ haikuzaliwa nayo. Mbano wake wa silinda ni zaidi ya 22 kwa 1, na ukiijazia hewa na dizeli bila kipimo joto linapanda, pistoni na kichwa cha silinda ndivyo vinavyoumia. Ikifungwa inataka pampu irekebishwe, geji ya joto la moshi, rejeta nzima, na dereva anayeitazama geji hiyo mlimani. Na hata baada ya yote hayo, kwenye mizunguko 1,500 tabo bado haijaamka, ungali na gia ndefu, na klachi inaendelea kuchomeka kila unapoondoka na mzigo. Rekebisha gia kwanza. Ukishatembea nayo mwaka mzima, uone kama bado unaitamani tabo.

Kuna kitu ambacho difu haitakifanya: kusimamisha gari. Tairi kubwa inazipa breki kazi kubwa zaidi, kwa kuwa diski ni ileile na mkono wa tairi umerefuka. Kagua pedi, viatu vya nyuma na majimaji ya breki mapema kuliko ulivyozoea, pamoja na beringi za habu za mbele.

Na kwa kuwa umeniita fundi, nikwambie na lile ambalo hukuuliza. Tairi hizi zimeinua difu yako kutoka ardhini kwa milimita 36 tu, nusu ya tofauti ya kimo. Ungekuja kabla hujanunua ningekushauri 285/75R16, kimo 834, ambayo inaongeza asilimia tatu na nusu na wengi wanaiendesha na difu ya 4.11 bila kuigusa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Ndutu mvua zikinyesha, tairi pana inaelea juu na nyembamba inachimba kutafuta ardhi ngumu chini. Ukiwa na mzigo na chini kukiwa kugumu, nyembamba mara nyingi inatoka. Kama kuna mtu anazitaka hizo tairi zako kwa bei nzuri, lifikirie. Kama umezipenda na zinakutoa unakokwama, songa mbele na difu.

Kabla hujatuma fedha popote, hakikisha gari lina 4.11 kweli. Magari haya yamepita mikono mingi na difu za mtumba zimejaa. Weka gari mahali tambarare, kabari tairi za mbele, inua magurudumu yote mawili ya nyuma uyaweke kwenye stendi imara, gia fri. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mtu mmoja kila upande, zungusheni tairi zote mbili pamoja kwa mwendo sawa mara kumi, na wa tatu akihesabu propela. Ikizunguka mara 41 na kidogo, ni 4.11. Ikizunguka 43, una 4.30 na hesabu yangu inabadilika. Fanya hivyohivyo mbele, habu zikiwa zimefungwa na transfa ikiwa ya magurudumu mawili. Kama difu zako zina loki ya kiwandani, mwambie muuzaji mapema, kwa kuwa si kila seti inaingia.

Fundi wa kufunga mchague kwa vifaa. Akikwambia anapima mchezo wa meno kwa mkono, mshukuru uondoke. Mchezo kati ya krauni na pinioni unazunguka milimita 0.15, chini ya unene wa karatasi mbili za daftari, na huo hupimwa kwa geji ya saa. Atapaka rangi kwenye meno machache, azungushe, akuonyeshe alama imekaa katikati ya jino, haikukimbilia juu wala shinani. Mwambie unataka kuiona kwa macho kabla hajafunga mfuniko. Beringi na oilisili ziwe mpya zote. Kurudisha beringi za zamani juu ya gia mpya ni kutupa gia. Oili iwe ya difu ya daraja la GL-5.

Siku ya kwanza endesha polepole dakika 20, bila mzigo, kisha simama uache difu zipoe kabisa. Meno mapya yanajipiga msasa yenyewe na joto lake ni kubwa. Rudia hivyo mara mbili tatu. Kilomita 800 za mwanzo usibebe wageni, usivute mtu, usikanyage. Difu ikivuma kwa sauti moja unapokanyaga na kunyamaza unapoachia, au kinyume chake, rudi kwa fundi siku hiyohiyo. Zikitimia 800, mwaga oili ya difu zote mbili ikiwa ya moto, uikinge kwenye beseni safi uitazame juani. Unga laini wa kijivu kama risasi ya penseli ni wa kawaida. Chembe yoyote ambayo ukucha unaweza kuinasa, usilichukue gari kwenda porini.